Siri ya Chumba cha Mazoezi

Fundi alimwona kabla baba yake hajamwona. Mwanamume huyo alikuwa amesimama kando ya lango la korongo, mikono nyuma, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuomba kazi, si la mtu anayekwenda kupanda na kushuka mawe. Moyo wa Fundi ukaruka, ukatua vibaya, ukaanza kukimbia. Leo ama zangu ama zake, akajisemea, bila kujua hasa huyo wa pili ni nani kati ya wanaume wawili aliowapenda kuliko wote duniani.

Mmoja wao, baba yake, alikuwa akishuka kwenye teksi, fimbo mbele, mguu wa kulia ukifuata kwa kusitasita.

"Yule anafanya nini pale?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemwalika mimi, Baba."

"Umemwalika."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi ulinialika, au ulinitega?"

 Tangu utotoni Fundi hakuwahi kuweza kumdanganya mzee huyu ana kwa ana. "Nilikutega."

Mwalimu aligeuka kuitazama teksi. Ilikuwa imeshapinda kona, vumbi tu ndilo limebaki. Na hata ingekuwepo, yeye hakuwa mtu wa kuonekana anarudi nyuma. Alikuwa mwalimu mkuu karibu maisha yake yote, na mtaa mzima, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga shule yake, walimwita Mwalimu na kuzima sigara wakimwona.

"Shikamoo, Mwalimu," mwanamume yule alisema, akiinama kidogo.

"Marahaba." Jibu lilitoka kavu kama chaki. Mzee akapita katikati yao, akaingia langoni bila kumsubiri mtu.

Hospitalini wagonjwa walimwita mwanamume yule Nyoosha, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni kuanzia asubuhi: nyoosha mguu, nyoosha mkono, nyoosha tena. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kiharusi kilipompiga Mwalimu na kumlaza upande mmoja kama gunia, Nyoosha ndiye aliyempokea katika chumba cha mazoezi na kumfundisha kutembea upya. Fundi alikuwa akisubiri nje, kwenye benchi la korido, mlango umefungwa. Hapo ndipo yalipoanzia. Siku moja Nyoosha alitoka kunawa, akamtazama vidole, akauliza, "Samahani dada, unafanya kazi gani hata kucha zako zina rangi ya fizi?"

Fundi alikuwa akitengeneza meno ya bandia, katika karakana ndogo nyuma ya kliniki ya meno, siku nzima yeye na nta na plasta na taya za watu. Siku hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu baba yake aanguke. Mwanamume akamwona akicheka, na habari yake ikawa imekwisha.

Lakini wazee wa Nyoosha walipokuja nyumbani kuposa, Mwalimu aliwakaribisha kwa heshima zote, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Walipouliza sababu akajibu, "Sababu ninayo," na mdomo ukafungwa. Dada mkubwa wa Fundi akajazia za kwake: kwamba huyo bwana aliwahi kuoa akaachwa, kwamba mtu mzima hawezi kujisifia kazi ya kukanda watu miguu. Mwalimu hakumuunga mkono wala hakumkatalia. Alikaa tu kwenye kiti chake kama jiwe.

Na sasa hospitali ya mji mwingine, mbali, ilikuwa imemwita Nyoosha akaongoze kitengo chake. Wiki ijayo anahama.

Korongo hilo Mwalimu alilijua kama ubao wake. Kila mwaka alikuwa akileta wanafunzi wake wa darasa la mwisho kuona kinu cha kale cha maji, daraja la mawe na handaki, na tangu augue hakuwahi kutia mguu. Ndiyo maana Fundi alichagua hapo. Alidhani mzee akikanyaga mahali anapopapenda, roho yake ingelainika.

Mto ulisikika kabla haujaonekana. Kisha miti ikawafunika, matawi yameshikana juu, na mwanga ukaanza kudondoka vipande vipande njiani. Pande zote mbili kuta za mawe zilipanda mpaka shingo ichoke kuzifuata. Majani ya kangaga yaliota kwenye kila ufa, na chini, pale maji yalipoyalamba mawe, ukoga wa kijani ulikuwa umeganda kwa wingi hata Fundi, kwa mazoea ya kazi, alitamani kuukwangua.

Mwalimu alitangulia. Walipofika kwenye magofu ya kinu alisimama, akanyoosha fimbo kuelekea ukuta uliobomoka, akaanza kusema, akiwapa kisogo.

"Gurudumu lilikuwa hapa. Maji yalikuja kwa mfereji ule. Watu walitoka mbali na nafaka vichwani, wakalala hapahapa wakisubiri zamu."

"Na maji yakipungua, Mwalimu?" Nyoosha aliuliza kwa nyuma. "Walifanyaje?"

"Walikuwa na bwawa juu. Unafungua lango, unapata maji ya..." Mzee akakumbuka anazungumza na nani. Akafunga mdomo, akaendelea na safari.

Fundi alijikaza asicheke. Nyoosha naye alikuwa akitazama chini, mashavu yamemvimba kwa kicheko. Macho yao yakakutana, na kwa kitambo kidogo wakasahau kwamba wana shida. Akamsogelea, vidole vyake vikamgusa Fundi mgongoni mwa kiganja, vikakaa hapo, vikaondoka.

"Ulimwambia nakuja?"

"Ningemwambia angekuja?"

"Kwa hiyo mimi ndiye mtego."

"Wewe ndiye chambo. Mtego ni mimi."

"Nimevaa shati jeupe bure, basi."

"Si bure," Fundi alisema, akilitazama shati, na kilichokuwa ndani ya shati, kuliko ilivyompasa binti aliyetoka matembezi na baba yake.

Walifika kwenye daraja la mawe. Lilikuwa jembamba, limejipinda juu ya maji kama mgongo wa paka, na mawe yake yamelambwa na nyayo za watu mpaka yakawa laini. Mwalimu alilivuka polepole, mkono mmoja ukutani, bila kukubali jicho la mtu. Ng'ambo kulikuwa na mdomo wa handaki. Akaingia, na mlio wa fimbo yake ukaanza kurudi kwao, ko, ko, ko.

Nyoosha alisimama katikati ya daraja. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nikiondoka," alisema, "sitaki niondoke nikiwa sijui. Niambie ukweli. Ukiambiwa uchague, utamchagua nani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nikuulizeje?"

"Yule ni baba yangu. Mama hayupo. Dada ana nyumba yake. Hapana yake ni mlima, siwezi kuuruka. Ningejua sababu ningeongea naye. Nimemuuliza jikoni, nimemuuliza mezani, nimemuuliza akiwa amelala. Hasemi!" Akamshika mkono wa shati. "Wewe hujui? Ulikaa naye ndani ya chumba kile miezi yote. Hakuna kilichotokea?"

Nyoosha akatazama maji. Akachelewa kujibu, na kule kuchelewa ndiko kulikomchoma Fundi.

"Unajua," alisema taratibu. "Mungu wangu. Unajua."

"Nahisi tu."

"Unahisi nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Kwa nini?"

"Kinachotokea chumba cha mazoezi kinabaki chumba cha mazoezi. Ndivyo ninavyowaahidi wagonjwa wangu wote. Baba yako pia nilimwahidi."

"Lakini mimi si mtu wa njiani! Mimi ndiye unayetaka kunioa! Ulimfanya nini, ulimwumiza? Ulimtukana?"

"Hapana."

"Basi sema!"

"Siwezi."

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Alikuwa amebeba jambo hili muda mrefu, na sasa akaona kwamba mzigo wote ulikuwa na mpini, na mpini ameushika huyu, anauficha nyuma ya mgongo. Akasema neno ambalo alilijutia kabla halijamalizika kutoka.

"Ndiyo maana mkeo alikuacha. Unakaa na mambo moyoni mpaka mtu anakufa kwa kiu pembeni yako."

Mto uliendelea kupiga kelele zake chini. Nyoosha hakupandisha sauti. Ni midomo tu iliyopauka.

"Mke wangu aliondoka kwa sababu nyingine," alisema. "Na hiyo naweza kukuambia ukiniuliza, yote, kwa kuwa ni yangu. Hii ya Mwalimu si yangu."

Fundi akauachia mkono wa shati. Na hapo ndipo waliposikia kwamba kuna kitu kimenyamaza. Ko, ko ya fimbo haikuwepo.

Alikimbia. Handaki lilichongwa mwambani kwa nyundo na patasi zamani sana, likapinda katikati, hivyo mwanga ulikuwepo huku na huku, lakini kwenye kona palikuwa na giza la jioni. Aliona umbo la baba yake limeegemea ukuta, mikono yote miwili imebandikwa mwambani. Fimbo ilikuwa chini. Mguu wa kulia ulikuwa ukitetemeka peke yake, kama si wake.

Mkono wa Nyoosha ukamdaka begani.

"Ngoja."

"Niache! Ataanguka!"

"Akikuona wewe ndipo ataanguka," alimnong'oneza. "Nisikilize. Nakuomba."

"Nani huyo?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa nyembamba. Fundi hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Uko peke yako?"

Nyoosha angeweza kudanganya. "Binti yako yupo hapa mlangoni. Anatoka sasa hivi." Kisha akamgeukia Fundi, na macho yake yalikuwa na ombi ambalo hakuwahi kumwona akiomba, hata siku ile alipomwambia anampenda. "Kuna njia ya juu, inazunguka mwamba. Utusubiri upande wa pili."

Kila kiungo cha mwili wa Fundi kilikataa. Lakini aliondoka. Alipanda njia ya juu akishika mizizi, machozi yakimzibia njia, akashuka upande wa pili na kusimama mahali ambapo hawakuweza kumwona. Maneno yalimfikia nusunusu, yamechanganyika na maji.

"...kisigino kwanza. Usiutazame mguu, Mwalimu. Mguu unajua njia. Tazama mwanga."

"Umekataa. Nakwambia mguu umekataa!"

"Umekataa mara ngapi mbele yangu? Ukakubali mara ngapi? Niegemee. Hivyo. Nyoosha."

 Kisha kitu ambacho Fundi alidhani ni kilio, akaziba mdomo wake kwa mkono, na baadaye akagundua kwamba ni kicheko. Baba yake alikuwa anacheka mle ndani, kicheko kibovu, kilichochakaa, lakini kicheko.

Walipotokea mwangani Mwalimu alikuwa anatembea mwenyewe, fimbo mkononi, shati limelowa jasho. Nyoosha alikuwa nyuma yake kidogo, mikono imening'inia tu, kama mtu aliyekuwa akipita zake. Shati lake jeupe lilikuwa na alama ya kiganja cha tope kifuani.

"Naenda kujaza chupa za maji," alisema bila kumtazama Fundi, akashuka kuelekea chemchemi.

Mwalimu alikaa kwenye jiwe. Fundi akakaa chini, karibu na magoti yake, kama alipokuwa mdogo. Hakuuliza. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote, hakuuliza.

"Amekuambia?" mzee alisema hatimaye.

"Nini, Baba?"

"Usinifanye mtoto. Ya chumba cha mazoezi."

"Hajaniambia. Nimemuuliza leo mpaka nimemtukana, Baba. Nimemtukana vibaya. Hajasema."

Mwalimu aligeuka kumtazama. Alimtazama kwa namna alivyokuwa akiwatazama wanafunzi zamani, kutafuta uongo ulipo. Hakuuona. Mabega yake yakashuka.

"Hujui kitu?"

"Sijui."

"Nilidhani unajua. Siku zote. Ukiniletea chai nasema moyoni, anajua huyu. Mkicheka na dada yako jikoni nasema, wanajua wote wawili." Akapangusa uso kwa kiganja. "Siku moja nilianguka mle ndani. Nilikuwa nimejaribu kusimama asubuhi nzima, nikaanguka kifudifudi. Sikuweza hata kujigeuza. Nikalia, mwanangu. Mimi. Nikamwita mama yako kwa jina, kana kwamba yuko chumba cha pili. Kisha nikamshika yule kijana mguu, nikamwomba aniletee sumu."

"Baba..."

"Nimalize. Nikikatiza sasa sitaanza tena. Nilimwomba kweli, si mzaha. Nikamwambia daktari hatajua, watoto wangu hawatajua. Nikamsihi kama ombaomba."

Fundi alikuwa ameshika goti la baba yake kwa nguvu. "Akasema nini?"

"Alikaa chini sakafuni, pembeni yangu. Akakaa muda mrefu. Kisha akasema, Mwalimu, sumu hatuna humu, ila kesho tunaanza ngazi." Kinywa cha mzee kikapinda, nusu tabasamu, nusu maumivu. "Na kesho yake tukaanza ngazi."

Upepo ukashuka korongoni, ukatikisa kangaga. Fundi hakuona aibu kulia.

"Sasa niambie wewe," Mwalimu alisema. "Mkwe ni mtu wa kukaa naye meza moja. Anakuheshimu, unamheshimu. Ningemtazamaje usoni, mimi niliyemshika mguu? Kila akisema shikamoo nilikuwa nasikia kicheko ndani yake."

"Hakuna kicheko ndani yake, Baba."

"Hakuna," mzee alikubali. "Leo nimemtazama kwa karibu. Nimetafuta." Akaelekeza fimbo kwenye chemchemi. "Nenda kamwombe radhi. Na usikae sana, jiwe hili ni baridi."

Nyoosha alikuwa amechuchumaa kwenye chemchemi. Chupa zilikuwa zimejaa zamani. Alisikia hatua za Fundi, hakugeuka.

"Nilikuambia neno baya," Fundi alisema.

"Ulisema."

"Si kweli, na hata lingekuwa kweli halikuwa langu kulisema. Nisamehe."

"Niliumia."

"Najua." Akachuchumaa pembeni yake. "Baba ameniambia mwenyewe. Yote. Sumu na ngazi."

Nyoosha alifumba macho, akashusha pumzi ndefu iliyotoka chini kabisa, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba mpaka akasahau una uzito. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Nilikuwa nalala nikiota kwamba nimekuambia," alisema. "Naamka na jasho. Uliponiuliza pale darajani, neno lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nikasema, nikilitoa, nampata huyu. Na nikilitoa, huyu atakuwa ameolewa na mtu anayeuza siri za wagonjwa."

Fundi aliushika uso wa Nyoosha kwa mikono miwili, mikono yenye kucha za rangi ya fizi, akautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Hakumbusu, baba yake alikuwa juu ya jiwe, na ana macho ya mwalimu mkuu. Lakini aliweka paji lake la uso kwenye paji la Nyoosha, wakakaa hivyo, maji yakiwapita miguuni, mpaka wakasikia mtu anakohoa kwa makusudi.

Njia ya kutokea korongoni ilikuwa ngazi ndefu za mawe, zenye chuma cha kushikia upande mmoja. Mwalimu alizitazama kwa kinyongo. Fundi akasogea kumpa mkono, kwa mazoea, akijua atakataliwa.

"Si wewe," mzee alisema. Akamtolea Nyoosha kiwiko. "Nimechoka."

Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya watu, si kabla ya ugonjwa wala baada yake.  Nyoosha alimshika tu, wakaanza kupanda, na Fundi akawafuata kwa nyuma, chupa za maji mikononi, macho hayaoni vizuri pa kukanyaga.

Walipanda, wakipumzika, wakipanda tena. Kwenye mapumziko mojawapo Mwalimu alisema, akitazama miti, "Waambie wazee wako waje tena kabla hujahama. Mara ya kwanza sikuwatendea haki."

"Nitawaambia, Mwalimu."

"Na huyu akienda nawe, asiache kazi yake. Huko watu hawana meno?"

"Wanayo, ila yanang'oka kama ya hapa."

"Vizuri." Wakapanda tena. Pumzi za mzee zilikuwa nzito, lakini mguu ulikuwa unatii. "Huko unakokwenda kuna mahali pa kutembea?"

"Kuna kilima nyuma ya hospitali. Si kirefu."

"Tafuta nyumba karibu nacho. Yenye chumba cha mgeni."

Fundi alisimama. Ilibidi ashike chuma. Juu yake wanaume wawili waliendelea, bega kwa bega, na hawakugeuka, maana walijua anafanya nini.

"Chumba cha chini," Mwalimu akaongeza. "Nisije kwenu nikakuta ngazi."